Ming'oko Yenye Kitambaa

Bi Somoe alizikwa wiki ambayo mimi nilikuwa kitandani kwangu Rahaleo, Mtwara mjini, goti limevimba kama boga, hata mlangoni sifiki bila kushikwa mkono. Nikamlilia palepale nilipolala, nikamsomea nilichojaliwa, nikaweka nadhiri kwamba arobaini yake haitanipita hata kwa kubebwa. Sikubebwa, nilichechemea. Nilipoingia uani kwake Mkunguni, kijiji kile cha mchanga mweupe karibu na pale Ruvuma unapomwaga maji yake baharini, wanawake walikwisha kuosha mchele wa pilau. Binti yake mkubwa, Asha, akanikalisha kwenye kigoda na kunipa kisahani cha ming'oko na chai ya rangi. Msomaji wa mbali huenda haijui ming'oko. Ni viazi vya porini, vyembamba, huchimbwa vichakani huku kwetu kusini, vikachemshwa kwa chumvi na kuliwa vingali vya moto. Mtu wa Mtwara umwekee ming'oko na pilau kwenye sinia moja, usishangae pilau likipoa. Nilikuwa nalamba chumvi vidoleni nilipomwona mzee mrefu akiingia na fimbo, kofia ya sufu kichwani katika joto lile, nikajua hapohapo kwamba hakuna mwingine. Daktari Mgaya alikuwa ametoka Njombe kwa basi, na umri wake ule, kwa sababu ya mwanamke aliyewahi kumpikia zamani. Akanitazama muda, akaniuliza kama magoti yangu hayajambo. Nikamwambia ndiyo yaliyonichelewesha siku arobaini. Akacheka kwa sauti mpaka wanaume waliokuwa jamvini wakatugeukia, nasi tukainamisha vichwa kama watoto wa madrasa.

Mwaka ninaousimulia nilikuwa na miaka ishirini na kidogo, na magoti mapya. Ya kwetu nayaacha, hayana kazi hapa. Itoshe kwamba nilikuwa nimemaliza kidato cha nne na nilikuwa nauza vitambaa kwenye duka la Bwana Karimu pale Chikongola, Mhindi mpole mwenye mzaha mkavu, ambaye kila mteja akitoka alikuwa na la kusema. Siku moja Daktari, ambaye ni daktari wa mimea si wa wagonjwa, alikuja kununua kitambaa chekundu na kamba ya manila, na kwa wingi wa ile kamba Bwana Karimu akamuuliza kama anakwenda kufunga ng'ombe wa mkoa mzima. Daktari akajibu, bila kucheka, kwamba anakwenda kufunga majani. Kisha akauliza kama tunamjua kijana anayeyafahamu majina ya mimea ya huku na asiyeogopa jua. Nikasema jua naliogopa ila mimea naijua. Nilikuwa sijui hata nimesema nini mpaka nilipomsikia Bwana Karimu akiniambia, Zena, ukichoka kuyapigia majani magoti, kiti chako kipo. Alikuwa amekisia sawasawa, maana magoti ndiyo iliyokuwa kazi yenyewe.

Kazi yenyewe naieleza mara moja, ili tusirudi nyuma tena. Mkunguni palikuwa na shamba la mivinje, limepandwa zamani ili kupata nguzo na kuni. Kabla ya hapo palikuwa kichaka cha pwani, chenye mitondoo, mibungo, mikwakwa na hiyo ming'oko ya akina mama. Mvinje ni mti mzuri kuutazama, upepo ukipita unavuma kwa sauti nyembamba, lakini majani yake membamba kama nywele huanguka mwaka mzima na kulala chini kama godoro, na juu ya godoro hilo hakioti kitu. Daktari alizoea misonobari ya kwao nyanda za juu. Huko aliwahi kuona misonobari ikipunguzwa na mimea ya asili ikirudi chini yake, akataka kujua kama na huku pwani itawezekana: ukipunguza mivinje na kuondoa lile godoro, je, kichaka cha zamani kitarudi chenyewe, bila kupandwa? Bila kupandwa. Maneno hayo mawili ndiyo yaliyobeba mwaka wetu, na naomba msomaji ayashike. Wenye shamba walimpa Daktari msimu mmoja tu. Mwishoni mwa mvua watakuja kutazama, na wasipoona kitu watakata kila kilichobaki na kupanda mivinje tupu kutoka barabarani mpaka ufukweni. Wanaume wengi wa kijiji walipenda iwe hivyo, kwa sababu nguzo zinauzika. Wanawake hawakuulizwa.

Tulipanga nyumba ya Bi Somoe. Ilikuwa ya miti na udongo, imepigwa chokaa mbele tu, upande wa wageni, na kuta za ndani hazikufika juu kwenye makuti. Ukikohoa chumba kimoja unapewa pole chumba cha tatu. Daktari alilala chumba cha mbele, kitanda cha kamba na meza iliyojaa majani makavu yaliyobanwa kwenye magazeti. Mimi chumba cha kati, na Bi Somoe cha nyuma, karibu na jiko, ambako moshi wa mivinje ulikuwa unaingia na kukaa kama mkwe. Yeye alikuwa mjane wa makamo wakati huo, mwili mfupi uliojaa, sauti ya kutumwa mbali. Wazazi wake, waliokuwa wakimlelea binti zake, walikuwa Wamakonde wa bara ya Newala, na Kiswahili chake kilikuwa na miguu yake chenyewe. Alikuwa amepokea watoto wa nusu ya kijiji kwa mikono yake na alimtendea kila mtu, pamoja na Daktari, kama aliyemwona akizaliwa. Wiki ya kwanza alimwita mgeni. Wiki ya pili, kwa kuwa mgeni siku mbili ya tatu mpe jembe, akampa reki na kumwambia aanze na ua wake.

Kiangazi kizima tulikata, tukabeba, tukakwangua. Tulipigilia vigingi, tukazungusha kamba ya Bwana Karimu, tukafunga vipande vya kitambaa chekundu kwenye pembe, na ndani ya kila kiwanja tukalaza fremu ya mbao ya mraba. Hapo unapiga magoti na kutaja kila kilichoota ndani ya fremu. Mwanzoni jibu lilikuwa moja: mchanga. Mchana tulirudi kula wali wa nazi na kisamvu, au ugali wa muhogo na samaki wa kukaanga, na Bi Somoe alisimama juu yetu mpaka sahani ionekane maua yake ya chini. Aliuliza kila siku swali lilelile, kimeota nini leo, na kila siku Daktari akajibu kwamba tusubiri mvua. Bi Somoe akaguna. Alisema hajawahi kumwona mtu mzima analima bila mbegu na bado anakuja kula.

Mwaka ule Ramadhani iliangukia kwenye mvua za mwanzo. Daktari ni Mkristo, na jambo hili la chakula cha mchana lilimtesa. Alimwambia Bi Somoe asihangaike kumpikia huku yeye amefunga. Bi Somoe akasema amesikia, na mchana ule Daktari akakuta bakuli mezani kwake limefunikwa na kawa, hakuna aliyelileta. Akala mlango umefungwa, anatafuna polepole ili tusisikie, na kwa kuta zile tulisikia hata alipomeza. Jioni bakuli likaondoka kama lilivyokuja. Mwezi mzima hakuna aliyelitaja. Nilipomtania Bi Somoe kwamba mchezo wao huu ni wa kitoto, alinikata jicho. Mtu aliye nyumbani kwako, akasema, unamsitiri. Ukiona kanzu yake imechanika unaishona usiku akiwa amelala, humwambii asubuhi umeishona. Nilikubali kwa kichwa, nikaendelea kumenya muhogo wa futari. Sikujua kwamba alikuwa ananipa ufunguo wa yote yatakayofuata.

Maana mvua zilinyesha, na viwanja vyetu vikabaki vitupu. Viliota ukoka na magugu ya barabarani, lakini kichaka cha zamani hakikuonyesha hata jicho. Kila jioni baada ya futari nilimsikia Daktari upande wa pili wa ukuta akizungumza peke yake kwa Kibena, na siku moja alizungumza Kiswahili, nadhani ili alisikie vizuri zaidi. Alisema, basi, nimewadanganya watu hawa. Nikajifunika shuka. Upande wa jikoni nikasikia sufuria inawekwa chini taratibu sana. Bi Somoe naye alikuwa macho, na alikuwa amesikia.

Siku chache baada ya Idi tulikwenda kwenye viwanja, Daktari mbele akiburuza miguu, nami nyuma na fremu. Aliingia kiwanja cha kwanza, akasimama. Chipukizi zilikuwa zimetoka, nyekundunyekundu, zimejipinda, tayari zinatafuta cha kushika. Nilipiga magoti nikazigusa. Ilikuwa ming'oko, hapakuwa na shaka, na haikuwa mmoja wala miwili. Kiwanja cha pili vilevile. Daktari alivua kofia yake, akaifinyanga mikononi, akaniambia niandike, niandike vizuri, halafu yeye mwenyewe akanipokonya karatasi akaandika. Nilikuwa sijawahi kuona mtu mzima ana furaha ya namna ile juu ya kiazi. Tuliporudi alimweleza Bi Somoe mlangoni, mikono inakwenda huku na huku, na Bi Somoe akapiga kigelegele kimoja kizuri na kusema Mungu mkubwa. Jioni hiyo alichinja kuku. Daktari akaketi kuandika barua kwa wenye shamba kwamba waje hata kesho, kichaka kimerudi chenyewe, bila kupandwa.

Siku ya pili yake nilikuwa jikoni nakuna nazi, Bi Somoe anapepeta mchele, na Daktari ametoka. Nilikuwa bado nashangilia, nasema tazama ile ming'oko ilivyokaa ardhini miaka yote ile chini ya mivinje ikisubiri. Bi Somoe akacheka kifuani. Alipunguza sauti na kunisogelea, uso wake umejaa raha ya mtu aliyefanya jambo jema.

"Haikukaa ardhini, mwanangu. Ilikaa kwenye chungu, uvunguni mwangu."

Alinieleza bila haya. Kila kiangazi akichimba ming'oko hukata kichwa cha mzizi na kukihifadhi kwenye mchanga, ili mvua zikija akirudishe porini, kama mama yake alivyofanya. Mwaka huu amevirudisha kwenye viwanja vya Daktari. Alikuwa akitoka baada ya sala ya alfajiri, katika mwezi wa toba, kiwanja hiki leo na kile kesho. Wageni wakubwa wanakuja, alisema, na mtu wa watu ana shamba tupu. Angekwenda kwao aseme nini? Nilikaa Mkunguni kwa mama mmoja, akaniacha niaibike? Nimemsitiri, basi. Na wewe funga kinywa, sadaka haitangazwi.

Mkono wangu uliteleza kwenye mbuzi ya nazi nikajikwaruza kidole. Nilitaka kucheka na nilitaka kulia, vyote viwili vilinijia pamoja. Ilikuwa ni zawadi kubwa kuliko zote alizowahi kupewa Daktari, na ilikuwa imemharibia kila kitu. Nilijaribu kumweleza. Nikasema Bi Somoe, kazi yote ilikuwa kuona kama itaota bila mtu kupanda. Akaniuliza kama kuna kitu duniani ambacho hakikupandwa na mtu au na Mungu, na kama ni Mungu, kwani amekataza kusaidiwa? Nikarudi kwenye nazi yangu.

Zikafuata siku mbaya, na nazikumbuka kwa chakula, kwa sababu sikuwa nakila. Nikisema, Daktari atapoteza kitu pekee alichopata, shamba litarudi mivinje tupu, na Bi Somoe atakuwa ametangaziwa aibu kijiji kizima kwa kutenda wema. Nisiposema, Daktari atasimama mbele ya watu na kuapa juu ya jambo lisilo la kweli, naye ni mtu aliyekuwa akirudia kiwanja kizima kwa sababu jani moja lilimtia mashaka. Kilichonitisha zaidi ni kwamba Daktari mwenyewe alikuwa amebadilika. Furaha yake ilidumu siku mbili, kisha ikazimika. Barua aliyoiandika ilibaki mezani. Alikwenda viwanjani peke yake, akirudi ananiangalia na kuangalia pembeni. Upande wa pili wa ukuta hakuzungumza tena, si Kibena wala Kiswahili. Nilidhani labda anaumwa. Bi Somoe alimchemshia mchaichai na kumpeleka bakuli, lililofunikwa kama wakati wa Ramadhani, ingawa hakuna aliyekuwa amefunga.

Siku ya barua kutoka kwa wenye shamba ndiyo niliyojitosa. Waliandika kwamba hawasubiri mwisho wa mvua, wanakuja wiki ijayo. Nilimkuta Bi Somoe anaanika muhogo, nikamwamkia, nikakaa chini, nikamwambia kuwa kuna mama mmoja aliwahi kunisimulia jinsi mabinti wanavyokuja kwake kuzaa huku wamejifunika mpaka miguu kwa haya, na yeye huwaambia neno moja kabla hata ya kunawa mikono. Nikamuuliza huwaambia nini. Akanyanyua uso. Alijua ninapompeleka, na kwa muda nilifikiri atanipiga kwa ungo wa muhogo.

"Mficha uchi hazai," akasema, polepole.

Nikamwambia basi huyu wetu amefunikwa mpaka usoni. Nikamwambia kazi yake ni kama kuzaa, ukimletea mtoto wa jirani chini ya shuka hujamsaidia, umemfanya amkose wake. Bi Somoe aligeuza vipande vya muhogo kimoja baada ya kingine, hata vilivyokwisha kugeuzwa. Halafu akaingia ndani, akatoka na kanga yake kuukuu, akaikamata kwa meno na kuichana. Alisema twende, lakini nisitembee mbele yake.

Tulikwenda kiwanja kwa kiwanja mvua nyepesi ikinyunyiza. Alikuwa anakumbuka kila kichwa alipokiweka. Anainama, anafunga kitambaa kwenye shina, anasema huu wangu. Anapiga hatua, huu wangu. Yake ilikuwa imekwenda sawasawa kwa mstari, kama matuta ya muhogo, na nilijiuliza vipi sikuliona jambo hilo siku ya kwanza. Kitambaa baada ya kitambaa, moyo wangu ukawa unashuka, kwa sababu kiwanja kizima kilikuwa kinavaa kanga yake. Tulipofika cha tatu, upande wa mwisho karibu na kisiki cha mvinje, aliinama na kitambaa mkononi kisha hakukifunga. Alilizungusha lile shina kwa kidole. Akatazama nyuma kwenye mstari wake, akatazama tena lile shina lililokaa pembeni kivyakevyake.

"Huu si wangu," akasema.

Nilimwambia atazame vizuri. Akaniambia yeye ndiye aliyepanda, mimi ndiye nitazame vizuri. Tukaendelea, na sasa tulikuwa tunakwenda haraka, mimi natambaa, yeye anainama na kuinuka akihema. Huu wangu, huu wangu, huu si wangu. Kwenye kiwanja cha nne tulikuta mbungo mdogo, majani mawili tu yanayong'aa, na Bi Somoe alicheka kwa sauti, kwani mbungo hakuwa nao kabisa kwenye chungu chake. Mashina yasiyo yake hayakuwa mengi. Ungeweza kuyafunika kwa mikeka michache. Lakini nilikaa chini kwenye mchanga wa mvua, nikalia kwa raha bila kumficha mtu.

Tulimleta Daktari palepale. Sikumwandaa kwa neno lolote. Alisimama nje ya kamba akitazama vile vitambaa vya kanga vikipepea kiwanja kizima, na uso wake haukuwa na kitu. Bi Somoe alijifunga ushungi vizuri, akasimama mbele yake kama anayesimama mbele ya kadhi.

"Yenye kitambaa niliipanda mimi, baba, nikufiche aibu. Isiyo na kitambaa ni ya Mungu. Mimi sikuigusa."

Daktari aliruka kamba, mrefu vile, akaenda moja kwa moja mpaka kwenye kile kisiki, akapiga magoti. Alikaa pale mgongo umetugeukia, mabega yanatikisika, na Bi Somoe akanishika mkono kwa nguvu akidhani amemliza. Alipogeuka alikuwa anacheka, machozi yanamtoka, anacheka kicheko cha mtu aliyetuliwa gunia. Alisema aliiona ile mistari tangu siku ya tatu. Alijua mng'oko hauoti kwa mstari. Alijua kuna mkono wa mtu, na alikuwa akilala akiamka na jambo hilo, asijue afanye nini. Nikamuuliza kwa nini hakuuliza. Akanitazama kwa haya.

"Nilidhani ni wewe, Zena. Nikaona nikikuuliza utakwenda zako."

Yaani siku zote zile, mimi namficha, Bi Somoe anamsitiri, na yeye ananisitiri mimi. Watu watatu ndani ya nyumba isiyo na kuta kamili, kila mmoja anamfunika mwenzake, na wote tunapigwa na baridi. Bi Somoe alipoelewa alikaa kitako, akajipiga paja. Alisema kweli kusoma si kuona, kwani Zena huyu hata mchicha akipanda unakufa. Sikukanusha. Turudi nyumbani, akasema, na tukala mchana ule viporo vya jana, maana hakuna aliyekuwa amepika, na ndicho chakula kitamu kuliko vyote ninavyovikumbuka vya mwaka ule.

Wenye shamba walipokuja, Daktari aliwaonyesha viwanja vikiwa na vitambaa vyake. Hakuondoa hata kimoja. Aliwasimulia kisa chote tangu chungu cha uvunguni, na Bi Somoe amesimama kando amevaa doti mpya ya kanga, anathibitisha kwa kichwa. Mmoja wao alicheka, mwingine akakunja uso, wa tatu, mama mnene, akauliza hiyo isiyo na kitambaa ni mingapi. Daktari akawahesabia. Ilikuwa michache, na hakuipamba. Yule mama akainama akaitazama mwenyewe, akasema mtu anayeonyesha hata alichopandiwa, huyo anaweza kupewa msimu mwingine. Hawakumpa shamba. Walimpa msimu. Msimu huo ukazaa mwingine, na viwanja vile vya vitambaa tukaviacha pembeni, tukafungua vipya mbali na njia ya Bi Somoe, ambaye aliapishwa kwa mzaha asivuke kamba. Mivinje tupu haikupandwa tena. Mimi nami dukani kwa Bwana Karimu sikurudi ila kununua kamba, na magoti yangu yakatumika mpaka yakaisha.

Haya yote yalinipitia kichwani siku ya arobaini, pilau likipakuliwa, na Daktari kule jamvini anakula kwa kijiko alichotafutiwa maalumu. Baada ya khitma, Asha alisema anakwenda kuzuru kaburi na kulisafisha, akatuuliza kama tutaweza kutembea. Makaburi yapo ukingoni mwa kichaka, na mahali palipokuwa na viwanja vyetu siku hizi hapapitiki bila panga. Mibungo imepanda juu ya mitondoo, na hapa na pale mvinje mzee mmoja umesimama katikati kama mgeni aliyekaribishwa akakaa. Tulikwenda polepole, fimbo yake na goti langu. Njiani tukapishana na wanawake wawili wanatoka porini na kapu la ming'oko, vichwa vya mizizi vimefungwa kando kwenye jani, wakatuamkia na kupita.

Kaburi lilikuwa bado tuta la mchanga, na mvua za mwanzo zilikuwa zimeshaliotesha magugu. Asha akainama na jembe akaanza kuparua, kisha akasimama. Katikati ya tuta, karibu na kichwa, palikuwa na chipukizi nyekundu imejipinda, inatafuta cha kushika. Akauliza nani ameupanda mng'oko kwenye kaburi la mama. Daktari aliegemea fimbo, akainama kadiri mgongo wake ulivyomruhusu, akalitazama lile shina kwa muda kama zamani. Kisha akanigeukia, na macho yake yalikuwa yaleyale ya wiki ile mbaya, ila sasa yanacheka.

"Zena, ni wewe?"

Nikamwambia safari hii pia si mimi, goti haliniruhusu. Akauliza kama nimeona kitambaa chochote. Nikasema sijaona. Asha, ambaye kisa hiki alilelewa nacho, alituangalia mmoja baada ya mwingine, akaweka jembe chini, akaanza kung'oa magugu pembeni yake kwa mkono.